Korola ya mwaka 1998 inatetemeka ikiwa sailensa, lakini ni pale tu injini inapokuwa imepata moto: nianzie wapi?

Mkazi wa Nkuhungu

Habari za leo ndugu wote. Naomba ushauri kuhusu Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5 na giaboksi ya otomatiki.

Asubuhi, nikiliwasha baada ya kulala usiku kucha, sailensa (mwendo wa injini ikiwa haijakanyagwa mafuta) hupanda hadi mizunguko kama 1,400 kwa dakika, kisha hushuka polepole kadiri injini inavyopata moto, na muda wote huo gari huwa limetulia. Nikishafika kazini Mtumba, hapa Dodoma, au nikisimama kwenye taa za barabarani mjini wakati wa jua kali, mambo hubadilika. Mshale hucheza kati ya 600 na 700, usukani hutetemeka, na kwenye bomba la moshi nasikia kabisa kwamba injini inamisi, yaani kuna mapigo ambayo mafuta hayawaki. Nikiwasha kiyoyozi hali huwa mbaya zaidi, na mara nyingine injini huzima. Nikikanyaga mafuta ikapita mizunguko 1,500, mtetemeko wote hupotea, na hata katika safari ya Morogoro gari huvuta vizuri tu.

Taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki. Plagi ni mpya, chujio la hewa ni jipya (vumbi la huku kwetu sote tunalijua), na throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) imesafishwa. Gereji ya mwisho niliyokwenda walinishauri niweke injini nyingine ya mtumba. Kabla sijatoa fedha za namna hiyo ningependa kujua ni kitu gani hasa kimeharibika. Gari nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akilifanyia biashara ya teksi. Zaidi ya hapo historia yake siifahamu.

Fundi Kizota

Ndugu yangu, usinunue injini. Injini inayovuta vizuri mpaka Morogoro na kuwaka asubuhi bila taabu haijafa, bali ina ugonjwa mmoja ambao bado haujatajwa jina.

Swali la kujiuliza kwanza ni hili: ni vitu gani hubadilika injini ikishapata moto? Ikiwa baridi, kompyuta huongeza mafuta kupita kiasi cha kawaida, na valvu ya sailensa, ile iliyofungwa chini ya throto, huwa imefunguka sana ili mizunguko iwe juu. Mafuta mengi na mizunguko ya juu huficha kasoro nyingi. Injini ikifikia joto lake, kompyuta hupunguza mafuta na kuanza kufuata sensa ya oksijeni, valvu ya sailensa nayo hujifunga hadi kubaki upenyo mdogo, na kuanzia hapo kila silinda inatakiwa ijitegemee. Aidha, joto lenyewe hubadilisha vyuma na waya: koili inayokaribia kufa huanza kupoteza moto ikichemka, na nafasi za valvu, yaani upenyo ulioachwa kati ya valvu na kemshafti inayozisukuma, hupungua. Kwa hiyo kasoro inayoonekana wakati wa moto tu inaweza kuwa ya joto lenyewe, au ikawa ilikuwepo tangu asubuhi ila ilikuwa imefunikwa.

Kazi ya pili ni kujua kama silinda zote zinaumwa au ni moja. Injini ikiwa na moto na kiyoyozi kimezimwa, chomoa soketi ya umeme ya nozeli (kipulizio cha mafuta) ya silinda ya kwanza, sikiliza, irudishe, kisha nenda ya pili, hadi ya nne. Silinda nzima ukiinyima mafuta, injini itayumba na mizunguko itashuka. Silinda mbovu ukiichomoa hutaona tofauti. Mafundi wengi hufanya jaribio hili kwa kung'oa waya za plagi injini ikiwa inaunguruma, jambo ambalo mimi silipendi, kwani moto ule ukikosa pa kwenda unaweza kuharibu koili, na ukikupata mkononi utalikumbuka.

Kuhusu taa ya dashibodi, kutowaka kwake si ushahidi wa uzima. Kompyuta ya miaka hiyo huwasha taa pale waya unapokatika au kugusana, lakini sensa ikidanganya kwa kiasi fulani, yenyewe huamini. Kwenye kisanduku cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha pini ya TE1 na ya E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna namba iliyohifadhiwa. Ikitoa 22 ni sensa ya joto la maji, 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni sensa ya presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), na 41 ni sensa ya throto.

Hata namba isipotokea, pima sensa ya joto la maji kwa mita. Ikiwa kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kiloohmu 2 hadi 3, na kwenye nyuzi 80 ishuke hadi ohmu 200 mpaka 400. Usiamini mshale wa joto wa dashibodi kwa jambo hili, kwa kuwa huo una sensa yake nyingine. Waya za plagi nazo zipime, kila mmoja usizidi kiloohmu 25.

Lete majibu tuendelee.

Mama Wawili, Ipagala

Mimi si fundi, ila gari langu la umri huohuo lilikuwa likitetemeka vivyo hivyo, na kilichokuwa kimekufa ni mauntini, yaani mpira unaoshikilia injini kwenye bodi, si injini yenyewe. Jaribu kusimama ukiwa D, kanyaga breki, halafu ingiza N. Kama mtetemeko unakwisha hapohapo na mshale wa mizunguko ulikuwa umetulia muda wote, angalia mauntini kwanza, kwa sababu ni kazi ndogo.

Fundi Kizota

Dada yangu uko sahihi, na jaribio hilo lifanyike. Lakini mwenye gari amesema mshale wenyewe unacheza na moshi unatoka kwa kukatika. Mauntini iliyochoka hupeleka mtetemo kwenye bodi. Haiwezi kuifanya injini imisi. Huenda vyote viwili vipo.

Mwalimu wa Ufundi

Naomba niongeze jambo moja ambalo hupotosha watu sana kwenye injini hii, kwa sababu kila anayesikia sailensa mbaya hukimbilia kusema inavuta hewa mahali.

Zipo injini zinazopima hewa inayoingia kwa sensa iliyowekwa kwenye bomba la chujio. Kwenye injini hizo, hewa inayopenya baada ya sensa haihesabiwi, mafuta huwa machache kuliko hewa, na injini hutetemeka. 5A-FE ya Korola hii haifanyi hivyo. Yenyewe hupima presha iliyomo ndani ya manifoldi, ikichanganya na mizunguko, ndipo kompyuta inakisia hewa. Mpira ukipasuka au gasketi ya throto ikivuja, presha ya ndani hupanda, sensa huiona, mafuta huongezwa, na matokeo yake ni sailensa kupanda, au kupanda na kushuka kwa mawimbi. Sailensa iliyokaa chini, kwenye 600 hadi 700, huku injini ikimisi, hainielekezi kwenye uvujaji mkubwa wa hewa unaozigusa silinda zote.

Isipokuwa hali moja. Hewa ikiingilia karibu kabisa na mlango wa silinda moja, silinda hiyo peke yake ndiyo itakayopata hewa nyingi na mafuta machache, wakati zile tatu ziko salama. Hapo ndipo neno "teksi" ulilolitaja linaponigusa. Teksi nyingi za Dar es Salaam zimefungwa mitambo ya gesi asilia, na mfumo huo hufungwa kwa kutoboa manifoldi tundu moja kwa kila silinda ili kuingiza nozeli ya gesi. Mtambo ukitolewa gari likiuzwa, matundu hayo huzibwa kwa boliti na gundi. Fungua buti, inua kapeti, uangalie kama kuna matundu ya boliti zilizokuwa zimeshika mtungi. Kisha tazama manifoldi karibu na nozeli za petroli.

Ukiyakuta, usipulizie kemikali ya kusafishia kabureta kama wengi wanavyofanya, maana manifoldi ya moshi iliyochemka haiko mbali na kemikali ile inashika moto upesi. Tumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Maji yakivutwa ndani kupitia ufa, utasikia sailensa ikibadilika kidogo au utaona povu likitoweka.

Mkazi wa Nkuhungu

Nawashukuru wote, nimefanya mliyoniagiza nikisaidiwa na kijana wa jirani anayesomea ufundi.

Ni kweli, chini ya kapeti ya buti kuna matundu manne yaliyozibwa kwa mpira, na kwenye manifoldi kuna boliti ndogo nne zenye gundi nyeusi. Gari hili lilikuwa likitumia gesi na mwenye kuniuzia hakulisema. Maji ya sabuni hayakubadilisha kitu kwenye boliti yoyote.

Taa ilipepesa mfululizo bila namba. Sensa ya joto la maji ilisoma ohmu 290 injini ikiwa na moto. Waya za plagi zote ziko chini ya kiloohmu 15.

Jaribio la nozeli ndilo lililotoa habari: ya kwanza, ya pili na ya nne nikizichomoa injini inayumba karibu kuzima, ya tatu nikiichomoa hakuna kinachobadilika. Tulibadilishana plagi na nozeli kati ya silinda ya tatu na ya nne, na silinda mbovu ikabaki kuwa ya tatu. Asubuhi injini ikiwa baridi, nozeli ya tatu ikichomolewa injini inayumba kama nyingine zote.

Kijana aliazima pia geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi. Injini ikiwa na moto mshale ulikaa kwenye inchi 14 za zebaki, lakini kila baada ya muda mfupi, kwa mpangilio uleule, ulikuwa ukishtuka kushuka hadi karibu 11. Kitabu kilichokuja na geji kinasema injini nzima inatakiwa isome 17 hadi 21. Je, 14 maana yake injini imechoka?

Mzee wa Kongwa

Salaam wanangu. Nimekuwa nikisoma kimya, ila hapo kwenye geji lazima niseme, kwa sababu kosa hilo limewauzia watu wengi injini wasizozihitaji.

Kitabu cha geji kimeandikwa kwa mtu anayeishi usawa wa bahari. Dodoma iko juu kiasi cha mita 1,100 na ushei, na kila mita 300 unazopanda hukuondolea takribani inchi moja ya zebaki. Ondoa inchi tatu na nusu kwenye 17 hadi 21, utapata 13 na nusu hadi 17 na nusu. Kwa hiyo 14 yako, kwenye injini inayomisi silinda moja, si habari mbaya hata kidogo. Gari hilohilo ukilipima Dar es Salaam litasoma zaidi bila kuguswa boliti.

Kinachonipa habari ni kule kushtuka kwa mpangilio. Mshale unaoanguka kwa mapigo yaleyale, tena na tena, unasema kuna valvu moja isiyofunga sawasawa. Ingekuwa moto wa plagi unapotea ovyo, mshale ungeanguka ovyo. Tena umeshahamisha plagi na nozeli na ugonjwa haukuhama, na waya umeupima. Yamebaki mawili, pistoni na valvu, na kwa kuwa asubuhi silinda ile inafanya kazi, mimi naiweka valvu mbele.

Sasa unganisheni na gesi. Petroli inapoingia kwa matone huchukua joto kidogo na kuacha utando mwembamba kwenye kiti cha valvu. Gesi huingia ikiwa kavu. Injini ambayo viti vyake havikutengenezwa kwa ajili hiyo, ikiendeshwa kwa gesi siku nzima kwenye foleni, viti huliwa na valvu huzama ndani ya silinda hedi. Watu hudhani valvu ikichakaa nafasi yake huongezeka na kupiga kelele. Hapa ni kinyume: valvu ikizama, mkia wake hupanda kuelekea kwenye kemshafti, nafasi hupungua, na injini huwa kimya kuliko kawaida, kiasi kwamba mwenye gari hufurahi. Ikiwa baridi bado kuna nafasi ndogo iliyobaki. Valvu ya kutolea moshi ikichemka hurefuka, nafasi inakwisha, kemshafti inaizuia isikae kwenye kiti chake, na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inatoroka. Kwenye mizunguko mingi muda wa kutoroka ni mfupi, ndiyo maana ukipita 1,500 huoni kitu.

Pimeni kompresheni mara mbili, injini ikiwa baridi na ikiwa na moto. Toeni plagi zote nne, kateni mafuta na moto wa koili, kanyageni mafuta hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Injini ya aina hii ikiwa nzima hutoa kama baa 13 usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo baa 11 na kitu ni afya njema. Silinda ikiwa chini, mwagieni kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda sana ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu.

Mkazi wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Tumepima.

Injini ikiwa na moto: ya kwanza baa 11.2, ya pili 11.0, ya tatu 7.5, ya nne 11.3. Kwa oili, ya tatu ilifika 8 tu. Kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha: tatu nyingine zilikuwa karibu 10.8, na ya tatu ilikuwa 10.3.

Tulifungua kava ya valvu asubuhi hiyohiyo. Nafasi za valvu za kuingizia hewa zote ziko kati ya milimita 0.17 na 0.20. Za kutolea moshi nyingi zilisoma 0.20 hivi, lakini moja ya silinda ya tatu iliruhusu fila geji (kibamba cha kupimia nafasi) ya 0.05 kwa shida. Kijana anasema ingetakiwa isuguliwe silinda hedi nzima. Ni lazima?

Mzee wa Kongwa

Marahaba mwanangu. Si lazima kwa sasa. Valvu iliyoungua ukingo ingevuja hata ikiwa baridi, na wewe asubuhi umepata 10.3. Iko nzima, imenyimwa nafasi tu. Mwachieni Fundi Kizota habari za shimu, macho yangu hayazisomi tena namba ndogo zile.

Fundi Kizota

Mzee amemaliza kazi, nami naongezea hesabu. Injini hii haina skrubu ya kuseti tapeti, yaani nafasi za valvu; juu ya kila kikombe cha valvu kuna shimu, yaani kisahani cha chuma, na shimu hupatikana kwa unene unaopishana kwa milimita 0.05. Unachukua unene wa shimu iliyomo, unajumlisha nafasi uliyopima, unatoa nafasi unayoitaka. Tuseme shimu ya valvu hiyo ni 2.80, nafasi uliyopima ni 0.05, na unataka 0.30. Basi 2.80 jumlisha 0.05 toa 0.30 ni 2.55. Pimeni unene kwa maikromita, kwa kuwa namba iliyochapwa juu ya shimu mara nyingi huwa imefutika.

Viwango vya nafasi visomeni kwenye kitabu cha injini yenu, na vipimo vyote vifanyike injini ikiwa baridi kabisa. Zile nyingine za kutolea moshi zenye 0.20 nazo ziko kwenye mpaka wa chini au zimeshaupita, kwa hiyo zirekebishwe kwa mkupuo mmoja, la sivyo utarudi hapa na silinda nyingine.

Kipo kifaa cha kukandamiza kikombe ili shimu itoke bila kung'oa kemshafti. Kikikosekana na ikabidi kemshafti zitolewe, mwambie fundi ajihadhari: moja huendeshwa na mkanda, ya pili huendeshwa kwa gia, na gia mojawapo ina springi ndani ambayo lazima ifungwe kwa boliti kabla ya kutolewa. Akiisahau, hatairudisha mahali pake kwa urahisi. Vifuniko vya kemshafti vifunguliwe kidogokidogo kwa zamu, kwani kemshafti ikiinuka upande mmoja inaweza kuvunjika.

Mkazi wa Nkuhungu

Kazi imekamilika. Shimu iliyokuwemo ilipimwa ikawa 2.78, tukaweka 2.55 na nafasi ikatoka 0.28. Nyingine za kutolea moshi zimerekebishwa zote. Silinda ya tatu ikiwa na moto sasa inatoa 10.9, mshale wa vakyumu umekaa kwenye 16 bila kushtuka, na sailensa ni 750 hata kiyoyozi kikiwashwa. Tapeti zinasikika kidogo kuliko zamani. Bado kuna mtetemeko mdogo nikiwa D ambao unakwisha nikiingiza N, kwa hiyo Mama Wawili naye alikuwa na haki yake. Mauntini ya mbele imepasuka mpira, nitaibadilisha mwisho wa mwezi.

Mzee wa Kongwa

Vema. Sauti hiyo ndogo ya tapeti iache, ni nafasi inayotakiwa kuwepo. Viti vilivyoanza kuliwa huenda vikatulia kwa kuwa sasa unatumia petroli, au huenda vikaendelea. Andika nafasi za valvu zote nane za kutolea moshi kwenye karatasi uiweke kwenye gari, na upime tena baada ya kilomita 10,000. Zikiwa zilezile, sahau. Ile ya tatu ikiwa imepungua tena, hapo ndipo utoe silinda hedi ukabadilishiwe viti, na usimruhusu mtu akuwekee shimu nyembamba zaidi.

Mwalimu wa Ufundi

Na zile boliti nne za manifoldi ziwekewe gundi mpya inayostahimili joto na petroli. Hazivuji leo, lakini ile ya zamani haitadumu miaka mingi kwenye joto hili la Oktoba na Novemba.